Vidonge vya Wake Wenza

Ukumbi mzima ulicheka, na mimi peke yangu ndiye niliyejua wanamcheka nani.

Nilikuwa nimekaa kiti cha nyuma karibu na mlango, katika hoteli moja ya Singida mjini, katikati ya wafamasia waliotoka wilaya zote za mkoa. Mimi si mfamasia. Mimi ni Gervas, nakamua alizeti Nduguti, na shule niliiacha darasa la sita baba alipougua. Nilikuwa pale kwa sababu ya mwanamke aliyesimama mbele na maiki mkononi. Redempta. Jumamosi ya wiki ile mshenga wangu, mzee Melkiori, alikuwa apeleke posa kwao Mandewa.

"Njoo unisikie," alikuwa ameniambia kwenye simu. "Kila siku unaniuliza mfamasia anafanya nini wodini wakati dawa zinatolewa dirishani. Njoo uone."

Basi nikaja. Nilinyoa ndevu, nikavaa suti ya kijivu ambayo mama aliipiga pasi mwenyewe, maana mke wangu alifariki zamani na binti yangu Witness yuko chuo. Asubuhi ile nilivumilia mada mbili. Ya kwanza ilihusu vijidudu vinavyozoea dawa kwa sababu watu wanameza nusu dozi na kuacha. Ya pili ilihusu namna ya kumpunguzia dozi mgonjwa ambaye figo zake zimechoka. Nusu ya wasikilizaji walikuwa kwenye simu zao. Dada mmoja wa Manyoni, jirani yangu wa kiti, aliniona nimekodoa macho akaninong'oneza kwamba wengi wamefuata pointi za mafunzo endelevu tu. Bila pointi, leseni haihuishwi.

"Wewe una pointi ngapi mwaka huu?" akaniuliza.

"Sina hata moja."

"Jamani! Pole, kaka," akasema, na alikuwa na huruma kweli.

Ndipo Redempta alipopanda jukwaani. Alivaa gauni la bluu lenye mikono mirefu, nywele amezibana nyuma. Kabla hajasema neno, macho yake yalipita safu kwa safu yakinitafuta. Yaliponipata, yakatulia. Mtu mzima wa umri wangu hapaswi kuweka kola sawa kwa sababu ya macho ya mwanamke, lakini niliiweka. Nilijiambia: huyu ndiye, na kaka yake aseme anachotaka.

Kaka yake alikuwa pale pale mbele. Emilian, mfamasia kama yeye, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa mafunzo. Alikuwa amekwisha kuniambia usoni kwamba dada yake hakusoma miaka yote ile ili akaolewe na mkamua mafuta.

"Mada yangu," Redempta alianza, "ni mgonjwa anayemeza dawa tofauti na tulivyomwandikia, na sisi hatujui."

Akaeleza kisa. Mama mmoja mzee wa Mitundu aliletwa wodini mkono wa kulia umekufa ganzi, presha iko juu sana. Daktari akataka kuongeza dawa. Redempta akasema ngoja kwanza. Akakaa kitandani na yule mama wodi ilipokuwa imetulia, akamuuliza taratibu. Dawa zilikuwa zinaisha vizuri, karibu na tarehe yake. Tatizo lilikuwa nini?

"Mama yule akaniambia kwamba siku aliyolazwa haikuwa zamu yake," Redempta alisema, na nikaona tabasamu limemchezea mdomoni. "Alikuwa na mke mwenza. Walikuwa wanagawana. Leo anameza mkubwa, kesho anameza mdogo. Na Jumapili hamezi mtu yeyote, kwa sababu siku saba hazigawanyiki kwa wawili na hawakutaka ugomvi."

Ukumbi ukalipuka. Watu walipiga meza. Waliokuwa kwenye simu waliziweka chini. Dada wa Manyoni alijifuta machozi kwa karatasi ya ratiba.

Mitundu! Mitundu gani? Hakuna nyumba nyingine duniani inayoishi vile isipokuwa ya marehemu baba yangu. Mama yangu na mama mdogo wamegawana kila kitu tangu nikiwa tumboni. Mche wa sabuni unakatwa kwa kisu, kila mmoja nusu. Doti ya kitenge, kila mmoja kipande. Na mkono wa kulia ni wa mama. Mimi ndiye niliyembeba kumwingiza hospitali.

Nilisimama, kiti kikaanguka, nikatoka.

Nyuma yangu nilisikia viatu vyake kwenye sakafu, halafu kwenye changarawe. Nilikuwa nimefika kwenye pikapu yangu, kule nyuma karibu na jiko la hoteli.

"Baba Witness! Gervas! Simama basi."

Nikasimama. Sikugeuka.

"Hukupenda?" akauliza. Alikuwa anahema, bado ana furaha ya jukwaani. "Umesikia walivyoamka? Wenzangu wote walionitangulia walilaliwa."

"Mama yangu amehamia lini Mitundu?"

Furaha ilimtoka usoni kama taa inavyozimwa.

"Umejua," akasema kwa sauti ndogo.

"Nimeoga kwa ile nusu ya mche wa sabuni, Redempta. Ulidhani sitajua?"

"Nilificha jina lake. Nilibadilisha umri, nikabadilisha wilaya. Ndivyo tunavyofundishwa, kisa cha mgonjwa kisitambulike."

"Na kuchekesha watu kwa mgonjwa, hilo nalo mmefundishwa?"

Nikageuka sasa, nikamtazama vizuri, maana nilikuwa na jambo jingine lililokuwa linanichoma kuliko hilo.

"Chumvi," nikasema.

"Gervas..."

"Siku ile nilikuuliza kwa nini presha ya mama imepanda wakati dawa nanunua. Ukanishika bega. Ukaniambia, ni chumvi, Baba Witness, mpunguzie chumvi. Nikaenda nyumbani nikabeba kopo la chumvi jikoni kwa mama yangu kama polisi. Mwaka mzima, Redempta! Mwaka mzima wale wazee wanakula mlenda usio na chumvi. Mama mdogo aliacha kusema nami kwa sababu ya chumvi. Wewe ulikuja nyumbani ukala ule mlenda nao, ukanyamaza!"

"Chumvi nayo ni mbaya kwa..."

"Usinifundishe! Mimi sitafuti pointi."

Jasho dogo lilimtoka puani, na pamoja na hasira zangu zote nilitamani kulifuta kwa kidole. Ndicho kitu kinachoudhi katika mapenzi. Mtu anakukata, na bado unaona pua yake nzuri.

"Aliniomba nisikwambie," akasema. "Alinishika kwa huu mkono wake mzima akaniapisha. Alisema, Gervas akijua atambeba mwenzangu kwa nguvu kumleta hapa, na mwenzangu anaogopa hospitali. Ile ni siri ya mgonjwa. Hata ungekuwa mume wangu wa ndoa nisingekwambia."

"Siri!" Nilicheka, kicheko kibaya. "Mtoto wake wa kumzaa haruhusiwi kuijua. Ila dada wa Manyoni anaruhusiwa, na ukumbi mzima unaruhusiwa, na Jumapili wakaichekee majumbani kwao. Siri ya namna gani hiyo?"

Mpishi mmoja alichungulia dirishani, akaona sura zetu, akafunga.

Nikadhani nimemmaliza. Kumbe alikuwa anakusanya nguvu.

"Umesema lako, na ni kweli," akasema. "Sasa na mimi niseme langu. Unajua leo mama yako mdogo presha yake ikoje?"

"Ana presha?"

"Unaona? Ana presha kubwa kuliko mama yako. Nilikwenda kumpima nyumbani siku wewe uko mashineni, maana hospitali hakanyagi. Nikamfungulia kadi kliniki. Kila mwezi dawa zake nampelekea mwenyewe kwenye mkoba, na kila mmoja sasa anameza zake. Wewe umewaezekea bati jipya. Umewawekea sola. Watu wote wa Nduguti wanakusifu. Kichwa kimemuuma mama mdogo miaka mingapi akilala chini ya bati lako hilo? Mama yako aliona, ndiyo maana akamgawia. Hakuwa na kingine cha kumpa. Wewe uliona nini?"

Nilikuwa nimeona mzee analalamika kichwa. Nilikuwa nimemletea kofia ya kujikinga na jua.

"Usihamishe mambo," nikasema.

"Sihamishi. Nina hasira kama wewe. Huko wodini nikimuuliza mgonjwa nyumbani wanamezaje, wauguzi wananiambia nawachelewesha. Nimepigania mada hii niruhusiwe kuisema..."

"Redempta!"

Emilian alikuwa anakuja na kikombe cha chai, beji inacheza kifuani.

"Watu wanakutafuta ndani wakupongeze, wewe uko huku nyuma ya jiko. Bwana Gervas, habari za siku. Beji yako iko wapi? Huu ni mkutano wa wataalamu."

"Kaka, tuache kidogo," alisema Redempta.

"Nakuacha, lakini kundi la pili linaingia baada ya chai. Ile sehemu ya wake wenza uirefushe kidogo. Si nilikwambia? Wakicheka mwanzoni, hawalali tena."

"Kumbe ni wewe," nikasema.

"Mimi nini?"

"Mgonjwa yule ni mama yake, kaka," Redempta alisema.

Emilian alinitazama, akatazama chai yake. Nilimwona kabisa akijizuia, na akashindwa. Bega likamcheza.

"Basi mzee afurahi," akasema. "Amefundisha mkoa mzima, na hajalipa ada."

Sijui nilifikaje pale alipokuwa. Ninachojua ni kwamba chai ilimwagika kwenye shati lake, na Redempta alikuwa katikati yetu, mgongo wake kifuani kwangu, uso wake kwa kaka yake.

"Usimguse!" alisema, na sikujua anamwambia nani. Halafu akaendelea, na nikajua. "Umeniambia mara zote huyu bwana hana shule, atanitia aibu mbele za watu. Leo nani kanitia aibu? Ulinipa wazo lako na mimi mjinga nikalichukua. Nenda ndani, kaka. Nenda, kabla sijasahau kwamba wewe ni mkubwa wangu."

Emilian alimwaga chai iliyobaki. Akaondoka anapangusa shati. Kwenye kona akageuka.

"Ifikirieni vizuri hiyo Jumamosi," akasema. "Mtu wa kupigana kwenye maegesho ndiye anayetaka kuja kwetu na posa."

"Hakuna atakayekuja," nikasema kwa sauti ili asikie. "Nampigia mzee Melkiori sasa hivi. Asiende Mandewa."

Redempta alikuwa bado amenipa mgongo. Aliposikia hivyo akasogea mbele hatua moja, ukawepo upepo kati yetu.

"Sawa," akasema. "Lakini mama nitamwambia mimi."

"Usimpigie mama."

"Kwa hiyo aambiwe na nani? Na wewe, jioni, ukiwa na hasira? Nimemkosea yeye kwanza. Wewe ni wa pili."

Akatoa simu. Akakosea namba, akarudia. Aliweka sauti ya nje, akaishika simu katikati yetu kama mtu anayeshika taa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu! Mkutano unaendaje huko? Gervas amefika? Alivaa ile suti au aliivua njiani?"

"Ameivaa, mama. Amependeza."

Nilitazama pembeni.

"Mama, nakupigia kukwambia kosa langu. Yale mliyokuwa mkigawana na mama mdogo, vile vidonge, nimewaambia watu hapa ukumbini. Sikutaja jina. Lakini nimesema, na sikukuomba ruhusa."

Kuku walisikika upande wa pili.

"Umewaambia na ya Jumapili?"

"Na ya Jumapili, mama."

"Wakacheka."

"Wakacheka."

"Na wewe ulicheka?"

Nilimwangalia. Ilikuwa rahisi. Neno moja tu, hapana mama, na mama angelikubali, maana alikuwa anampenda kama mboni ya jicho lake. Sikuwa na haja ya kumsaliti. Ningenyamaza. Wakati ule, pamoja na yote, nilitamani aseme hapana.

"Nilitabasamu, mama," alisema Redempta. "Nilikuwa nimepanga wacheke."

Sauti ya mama mdogo ikasikika kwa mbali ikiuliza kitu kwa Kinyiramba. Mama akamjibu kwa Kinyiramba hicho hicho, maneno machache. Halafu sikusikia tena kitu kutoka kwa mama mdogo.

"Mwanangu," mama akasema, "mimi nilikuonyesha wewe peke yako. Hata padri sijamwambia."

"Ndiyo, mama."

"Mwenzangu alikuwa anaanguka kwa kizunguzungu akienda kisimani. Ningemeza kila siku mimi, nikimwangalia?"

"Hapana, mama."

"Sasa kinachochekesha hapo ni nini?"

Redempta akaileta simu karibu na mdomo, akaishusha tena.

"Usiwaambie tena."

"Siwaambii tena, mama."

"Gervas yuko hapo?"

"Nipo, mama. Shikamoo."

"Mwambie Melkiori Jumamosi asiende."

"Mama!" Neno lilinitoka lenyewe. Mimi, niliyekuwa nimetoka kusema vile vile mbele ya Emilian! "Mama, subiri kwanza. Amekosea, amesema mwenyewe. Angeweza kukudanganya..."

"Nimesikia alivyosema. Asiende kwanza. Mwenzangu analia hapa."

Simu ikakatika.

Tulisimama. Ndani ya ukumbi walikuwa wanapiga kengele ya kuwaita watu wa kundi la pili. Redempta alifuta macho kwa mkono wa gauni, mara moja tu, kwa nguvu.

"Umepata ulichotaka," akasema.

"Sikutaka hivi."

"Ulisema, Gervas. Kaka alikusikia, wapishi walikusikia."

"Nilisema kwa hasira."

"Mama yeye hakusema kwa hasira. Hilo ndilo linaloniuma."

"Ungemwambia hukutabasamu. Asingejua."

"Wewe ulikuwa unaniangalia mdomo," akasema. "Na hata usingekuwepo, ningemwambia."

Nilitaka kumshika. Nilitaka pia kumtikisa. Mikono yangu ikabaki inashika ufunguo wa gari.

"Utawaambia nini sasa hao?" nikauliza. "Kisa umekwisha kukirudisha kwa mwenyewe."

"Sijui."

"Kaka yako anasubiri uwachekeshe."

"Nimesema sijui. Nenda Nduguti ukawaone wazee. Warudishie kopo la chumvi jikoni, ni lao." Akaanza kwenda, akasimama. Alinitazama kwa yale macho yake ya asubuhi, yakiwa mekundu. "Na suti imekupendeza kweli. Sikumdanganya mama hata hapo."

Akaingia.

Nilifungua mlango wa pikapu. Nikakaa. Nikawasha. Injini ikaunguruma na mimi nikaisikiliza ikiunguruma. Nilimfikiria mama mdogo akilia, mwanamke ambaye sikumwona akilia hata siku ya kumzika baba. Nilimfikiria Redempta mle ndani na ile meza ya mbele na Emilian mwenye doa la chai. Nilikuwa na hasira naye. Nilikuwa na hasira nami. Lakini zaidi ya wote nilikuwa na hasira na vile vicheko, na mle ndani walikuwa wamekaa watu wapya, tayari kucheka, maana wenzao walikwisha kuwapa uhondo kwenye chai.

Nikazima gari.

Mlangoni kijana wa mapokezi aliniuliza beji. Nikampita. Sikurudi kiti cha nyuma. Nilikwenda mpaka safu ya mbele kabisa, kwenye viti vyenye vitambaa walivyowekewa wageni rasmi, nikakaa kimoja. Emilian alinikazia macho. Nikamkazia.

Redempta alikuwa ameshika maiki. Kwenye ukuta projekta ilikuwa imeonyesha kichwa cha mada yake. Aliitazama kwa muda, halafu akainama akaizima.

"Kundi la kwanza niliwasimulia habari za wazee wawili," alisema. "Najua mmeambiwa, maana naona mnasubiri. Sitaisema. Niliisema bila ruhusa ya mwenyewe, na mwenyewe amenikataza."

Emilian alikohoa. Redempta hakumtazama.

"Kwa hiyo leo mada ni sisi. Mnapenda kuuliza kwa nini mgonjwa anatudanganya kuhusu dawa. Mimi nauliza, mara ya mwisho alipotwambia ukweli, tulifanya nini? Mimi nimefanya nini asubuhi hii?"

Sauti yake ilikatika kidogo. Safu ya katikati, mtu akanong'ona neno "Jumapili," na mwingine akaguna, ule mguno wa mtu anayebana kicheko.

Niliinuka. Nikakishika kiti changu, nikakigeuza kikapiga kelele sakafuni, nikakaa tena nimewaelekea wao wote, mikono kifuani. Redempta nikampa mgongo. Nilitamani sana kumtazama, maana alikuwa ameanza kusema tena, taratibu, na sauti ilikuwa inarudi. Lakini kazi yangu ilikuwa huku. Nikaanza na safu ya katikati, sura moja baada ya nyingine, nione nani atacheka.